Mfuko wa Kungojea Msiba

Kwa miaka minne hakuna mtu Kanyenye nzima aliyemjulia hali Shomari, fundi cherehani, kama Apolinaria binti Lugembe. Kila asubuhi akipita na ndoo yake kwenda kisimani alisimama mbele ya baraza la fundi, akauliza kwa sauti ya upole, "Fundi, umeamkaje? Kifua je? Kile kikohozi kimekuacha?" Shomari, mtu mtaratibu wa maneno machache, alijibu kwamba hajambo, anamshukuru Mungu. Apolinaria aliitikia, "Haya, vizuri," akashika njia yake. Majirani waliona wakasifu. Walisema Mkristo mwenye moyo kama ule ni wa kutafuta kwa taa, mume wa mtu, tena si ndugu wala si wa dini yake, lakini anavyomhangaikia!

Wangejua, wangemficha Shomari uvunguni. Apolinaria alikuwa akingoja afe.

Si kwamba alimchukia. Shomari hakuwa amemkosea kitu maishani, na hata gauni lake la Pasaka ni yeye aliyemshonea. Alichotaka Apolinaria ni msiba katika nyumba ile, msiba wowote ule, na katika watu wa nyumba ile Shomari ndiye aliyekuwa akikohoa. Mkosaji alikuwa mkewe, Tatu, na Tatu alikuwa na afya ya punda. Hakuwahi kuugua hata jino.

Kisa chao kilianzia kwa mama yake Apolinaria, bibi Josepha. Enzi za Mjerumani, Josepha akiwa msichana, masista wa misheni walimfundisha kufuma vitambaa vyeupe vya altare kwa uzi wa dukani. Alipoolewa na Lugembe aliviacha vitambaa, maana nyumbani kwake hapakuwa na altare, palikuwa na mihogo ya kubeba. Akaanza kufuma mifuko ya kwendea sokoni. Alianzia chini na duara dogo la vitanzi sita, akapanda akizunguka na kuongeza vitanzi, akafika juu akaufungia mkono wa kushikia. Ukiwa mtupu, mfuko wa Josepha uliukunja ukaingia kiganjani. Ukiujaza, ulimeza viazi, nyanya, mhogo wa siku tatu na kuku mzima juu yake, na haukuchanika.

Uzi alisokota mwenyewe, kwa pamba aliyoletewa na kaka yake kutoka Ziba. Rangi alichemsha mwenyewe pia. Nyekundu aliipata katika magome ya mninga, njano katika manjano yaleyale ya mchuzi, na nyeusi katika mizizi ya mdaa. Hiyo nyeusi ilikuwa na kazi. Mizizi ilichemka kutwa, uzi ukaloweshwa humo, kisha ukafukiwa katika tope la mbugani mpaka kesho yake, ukaoshwa na kuanikwa kivulini. Lakini kabla ya rangi yoyote uzi ulilazwa ndani ya maji ya shabu, lile jiwe jeupe linalouzwa katika maduka ya Waarabu, ili rangi ishike na isichuje. Habari ya shabu Josepha hakumwambia mtu isipokuwa binti yake.

Na kulikuwa na kulabu. Lugembe katika ujana wake alikuwa mpagazi, ameshuka Bagamoyo mara nne na pembe ya ndovu begani. Safari moja pembe ilimponyoka ikagonga jiwe, kikabanduka kipande cha urefu wa kidole. Alikificha nguoni, akarudi nacho Unyanyembe, akakaa miezi mitatu akikichonga na kukisugua kwa mchanga mpaka kikawa kulabu ya kufumia, nyembamba, laini, isiyonasa uzi hata mara moja. Alimpelekea Josepha pamoja na ng'ombe wa mahari. Josepha alipenda kusema kwamba ng'ombe walichukuliwa na wajomba, kulabu akabaki nayo yeye.

Josepha alifariki mwaka wa arobaini na moja, masika yalipoanza. Ndipo Tatu alipoingia.

Tatu alikuwa Mzaramo, ameletwa Tabora na ndoa, na kila mtu anajua Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Wazee walisema utani huo uliokotwa njiani, katika njia ileile ya misafara. Mnyamwezi alishuka pwani na mzigo, akamkuta Mzaramo kwake, wakagombea maji, wakatukanana, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakakubaliana kwamba matusi yao yasiwe na hasira. Tangu hapo mtani akija msibani kwako ana ruhusa ya kila kitu. Atamwigiza marehemu, atalala juu ya mkeka wako, atachukua chombo chako mbele ya macho yako, nawe utacheka. Ukikasirika, umekwisha. Utachekwa wewe na watoto wako.

Basi siku ile Tatu aliingia uani amejifunga kanga ya marehemu aliyoitoa kambani, amefumba jicho moja kama Josepha alivyofumba alipotafuta tundu la kitanzi, anachechemea. "Nimerudi!" akapiga kelele. "Huko juu hawali mihogo, mfuko wangu hauna kazi!" Wanawake waliokuwa wakilia tangu alfajiri wakaangua kicheko. Walicheka wote. Raymundi, mumewe Apolinaria, fundi seremala mwenye heshima zake, alicheka mpaka akajifuta macho. Tatu akaingia chumbani, akatoka na kikapu cha marehemu, na ndani yake mfuko uliokuwa haujamalizika na ile kulabu ya pembe. "Hivi ni vyangu, mtumwa wangu," akamwambia Apolinaria. "Ukivitaka, njoo na kuku."

Apolinaria alicheka. Alicheka kwa meno tu.

Hata hapo mambo yalikuwa bado ndani ya desturi, maana alichochukua mtani hukombolewa kwa kitu kidogo. Msiba ulipoanuliwa Apolinaria alipeleka kuku. Tatu alimla, akatuma salamu kwamba kuku alikuwa mdogo mno, hakutosha hata kunusa. Apolinaria akapeleka mtetea mnene. Salamu zikarudi kwamba yule mtetea alikuwa na maneno mengi, hawakupatana. Akapeleka jogoo, jogoo mwenyewe hasa, aliyekuwa akiamsha mtaa. Kesho yake alirudishiwa manyoya, yamefungwa vizuri katika kitambaa, na ujumbe kwamba Tatu amebakiza haya ili mwenye kuku asilale na baridi.

Kanyenye ilicheka juma zima. "Huo ni utani tu, mke wangu," alisema Raymundi. Maneno hayo Apolinaria aliyachukia kuliko tendo lenyewe.

Kisha likaja la pili, nalo ndilo lililomkaa rohoni. Tatu aliuchukua ule mfuko usiomalizika, akaufumua polepole, mzunguko mmoja mmoja, akitazama kila kitanzi kilivyokaa juu ya mwenzake. Akaufuma upya. Akaufumua tena. Lazima isemwe kweli, yule mwanamke alikuwa na mikono. Baada ya miezi miwili alikuwa sokoni na mifuko yake, na mdomo wake wa kuwachekesha wanunuzi.

Vita vilikuwa vimepamba moto huko ng'ambo, na dukani hapakuwa na nguo wala karatasi ya kufungia. Wenye maduka waliwaambia wateja waje na vyombo vyao. Kila mtu akawa anatafuta mfuko, na kila mtu alikwenda kwa Tatu. Mifuko iliyokuwa ikiitwa ya Josepha ikaanza kuitwa ya Tatu. Apolinaria aliendelea kufuma, lakini kwa waya wa gurudumu la baiskeli aliochongewa na Raymundi. Waya ule ulikwaruza, ukapasua uzi, ukamwachia malengelenge. Kila alipochomeka kulabu ile mbaya katika kitanzi alimwona Tatu akiteleza na ile nzuri.

Lakini Tatu hakujua shabu. Masika ya mwaka wa arobaini na tatu mvua ilinyesha siku ya soko, na mifuko ya Tatu ikalia rangi mji mzima. Benedikta, jirani yake Apolinaria, alikuja mlangoni na gauni lake jeupe, upande mzima umekuwa mwekundu.

"Tazama, mama," alisema. "Rangi hizi za kwenu zinachuja. Zamani hazikuwa hivi."

"Za kwetu?"

"Si ni kazi ya marehemu mama yako? Watu wote wanasema hivyo. Wanasema siku hizi kazi ya Josepha imeharibika."

Apolinaria alilichukua lile gauni, akaliosha mwenyewe kwa ndimu na jua mpaka likatakata, akamrudishia Benedikta. Halafu akafunga kanga, akaenda moja kwa moja kwa mwanangwa, mkubwa wa kijiji, aliyekuwa barazani anasikiliza kesi za ng'ombe na mipaka. Akapiga magoti, akaamkia, akashtaki kwamba Tatu mke wa Shomari amemwibia kulabu ya mama yake na jina la mama yake.

"Tatu yupi? Mzaramo?" aliuliza mwanangwa.

"Ndiye."

"Si mtani wako?"

"Ni mtani, bwana mkubwa, lakini ameiba."

Baraza likavunjika mbavu. Karani aliweka kalamu chini. Mwanangwa mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, alijishika tumbo. "Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "mtani haibi. Tangu lini umesikia mtani ameiba? Nenda nyumbani. Siku msiba ukiingia kwake, nawe nenda ukachukue. Uzuie jeneza mlangoni ukitaka, na lolote utakalodai atakupa, kwa maana maiti hawezi kulala ndani. Mpaka siku hiyo, vumilia."

Alisema kwa kumtania. Apolinaria aliyapokea kama hukumu. Alirudi nyumbani kwa hatua ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake azikwe moyo wake ulikuwa umetulia. Alikuwa amepewa siku. Hakujua tarehe yake, lakini ilikuwa njiani inakuja, na yeye angeikuta yuko tayari.

Juma lilelile alianza kufuma mfuko mweusi.

Ulikuwa mfuko mkubwa kupita mifuko yote aliyowahi kufuma, wa kubebea mali ya Tatu siku ya msiba wake. Pamba alichagua nyeupe ya kwanza. Mizizi ya mdaa aliichimba mwenyewe njia ya Sikonge, akaichemsha siku mbili badala ya moja, na uzi akaufukia mara mbili katika tope la mbugani mpaka ukawa mweusi ti. Hakufuma kwa kukimbia. Kwa kila mzunguko alitafuta tusi moja, na hakuanza mzunguko mpaka tusi limekamilika kichwani, na mwanzo wake na mwisho wake. Akilala nalo, akaamka asubuhi akaliona limepoa, aliufumua ule mzunguko, akatafuta jingine kali zaidi. Kwa hiyo mfuko ulikwenda miaka. Raymundi aliuliza mara moja ni wa nani. "Wa mteja," alijibiwa.

Na kila asubuhi, ndoo mkononi, "Fundi, umeamkaje? Kifua je?"

Mwaka wa arobaini na nne Shomari alizidiwa akalazwa hospitali. Apolinaria aliutoa mfuko sandukuni, akaukung'uta vumbi, akauweka juu ya kiti karibu na mlango, akakaa akisikiliza kama kilio kitapigwa. Siku ya tisa Shomari alirudi nyumbani kwa miguu yake, amenenepa mashavu. Apolinaria alilia. Majirani wakasema hayo ni machozi ya furaha, wakazidi kumpenda.

Dhamiri ilimsuta, si sana, lakini Kwaresima ilipofika aliungama kwamba anamwombea mtu kifo. Padre alishtuka. Alimpa malipizi ya kumwombea mtu yule uzima siku thelathini na kumpelekea zawadi. Apolinaria alikuwa Mkristo wa kweli, hakuthubutu kupunguza hata siku moja. Alisali siku zote thelathini huku amekunja uso, na akampelekea Shomari kibuyu cha asali ya Sikonge, asali safi, ya kifua. Shomari aliinywa, kikohozi kikakatika miaka miwili mizima. Apolinaria alimlaumu Padre maisha yake yote.

Katika miaka hiyo walikutana na Tatu karibu kila siku ya soko. "Hujambo, mtumwa wangu?" Tatu aliita kutoka upande wa pili, mbele ya watu. "Hujaleta kuku siku hizi! Nimekonda!" Apolinaria alijibu kwa kicheko kile cha meno, akaenda nyumbani akaongeza mzunguko.

Shomari alikufa Alhamisi moja ya kiangazi, mwaka wa arobaini na saba. Hakuugua. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake asubuhi, anashona suruali ya mtu wa reli, akainamisha kichwa juu ya kitambaa, na hakukiinua tena. Kilio kilipopigwa Apolinaria alikuwa akisokota uzi. Aliiweka chini pia yake ya kusokotea. Aliosha uso, akavaa gauni lile la Pasaka aliloshonewa na marehemu, akauchukua mfuko mweusi, akaukunja kiganjani, akatoka.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume walikuwa nje pamoja na jeneza lililoazimwa msikitini, wanawake ndani, na maiti alikuwa ameshaoshwa, anasubiri kukafiniwa. Tatu alikuwa juu ya mkeka pembeni, miguu ameinyosha, macho makavu yanatazama ukuta. Wanawake walinong'ona kwamba yuko hivyo tangu asubuhi, hajalia, hajanywa maji, hajasema neno, na wanaogopa. Apolinaria aliliona hilo likampendeza. Vizuri, aliwaza, ana masikio yake yote.

Akasimama katikati ya chumba. Akaufungua mfuko, ukashuka mpaka miguuni pake.

"Nimekuja kuhamisha!" akapaza sauti. "Mwenye nyumba amehama, vyombo vinangoja nini?"

Akatia sufuria. Akatia birika. Akatia pasi ya mkaa, makasi ya fundi, viatu vya marehemu, na mchi wa kinu. Mfuko ulimeza vyote ukabaki na nafasi. Na kila alichotia alikitolea neno. "Nani anasema Shomari amekufa kwa kikohozi? Kikohozi kiliponywa kwa asali yangu mimi! Amekufa kwa mapishi! Miaka ishirini anatafuna ugali mbichi wa mwanamke huyu, mwisho akaona heri akaombe chakula kwa Mola wake!" Kicheko cha kwanza kikatoka pembeni, kikazimwa. "Mnajua kwa nini alishona kutwa? Alikuwa hana kazi nyingi hivyo! Ile cherehani ilikuwa ikimfichia sauti ya mkewe!" Kicheko kikatoka tena, na safari hii hakikuzimwa. "Mla kuku wa watu! Kuku watatu, akarudisha manyoya! Angeweza angerudisha na mume, lakini huyu hana manyoya!"

Wanawake walikuwa wanaegemeana. Ajuza mmoja alitoka nje akicheka, akarudi ili asipitwe. Hakuna tusi hata moja kati ya yale lililokuwa la kubahatisha. Yote yalikuwa yamelala miaka, yamenolewa, yamefumuliwa na kufumwa tena, nayo yalitoka yakiwa na makali. Apolinaria aliyarusha akimtazama Tatu usoni, akingoja aone linaingia wapi.

Maiti akakafiniwa, akawekwa jenezani. Wanaume wanne wakalibeba, wakafika mlangoni, wakamkuta Apolinaria amelala kizingitini, mfuko wake mweusi umevimba kando yake.

"Hatoki!" alisema. "Hatoki mtu hapa mpaka nipewe kulabu ya pembe ya mama yangu, Josepha. Kama hakuna kulabu, mrudisheni ndani, mkewe akampikie."

Nje Wanyamwezi waliokuja kuzika walipiga makofi na miluzi. "Komaa, mama! Usiondoke!" Mwalimu wa madrasa aliyeongoza dua alifunika mdomo kwa ukosi wa kanzu, mabega yanamtikisika. Jeneza likatuliwa.

Tatu akasimama. Watu wakampisha. Alikwenda kwenye sanduku lake, akainama, akatafuta chini ya nguo, akaja na kulabu. Ilikuwa ileile, imegeuka njano kidogo, imezidi kung'aa kwa kutumiwa. Akamwinamia Apolinaria pale kizingitini, akamtia kiganjani.

"Haya, shika," alisema. "Umenishinda, mtumwa wangu."

Apolinaria akainuka. Miaka sita, na sasa ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameiwaza saa hii mara elfu, na kila alipoiwaza alimwona Tatu chini, amefedheheka, amekosa neno. Akainua macho amtazame. Tatu alikuwa anacheka. Uso wote ulikuwa umelowa, makamasi yanamtoka, midomo inatetemeka, naye anacheka kama mtu aliyetolewa jiwe kifuani.

"Mungu akuweke, mtani wangu," alisema. "Tangu asubuhi nimekauka. Nilidhani nitakufa hapa hapa ukutani. Wote wanakuja wananishika mkono, wananiambia pole, pole. Hakuna aliyethubutu kunitukana. Wewe peke yako."

Wanawake wakaitikia kwamba kweli, mtani ni Apolinaria, wengine wanajaribu. Mmoja akasema tangu azaliwe hajaona mtu aliyeufanyia msiba heshima kama hii. Mwingine alikuwa anaupapasa mfuko mweusi, anasifu rangi yake. Apolinaria alisikia damu inampanda mpaka masikioni. Matusi yake yote, kazi yake yote, yule mwanamke ameyanywa kama dawa.

"Sikutanii, Tatu," alisema.

Tatu akajifuta pua kwa kanga, bado anatabasamu.

"Nasema sikutanii. Nakuchukia. Nakuchukia kwa roho yangu yote. Kila asubuhi nilipokuja kumwuliza mumeo hali yake nilikuwa nataka kujua kama anakufa. Miaka minne nimemngoja afe, ili nije nikuumize. Mfuko huu nimeufuma kwa ajili ya siku hii. Huu si utani!"

Nyumba ikalipuka. Ajuza yule alianguka juu ya mkeka, miguu juu. "Amemngoja afe!" mtu alipiga kelele dirishani kuwaambia wanaume. "Na mfuko kaufuma kabisa! Anasema si utani!" Wanaume nao wakalipuka, na waliobeba jeneza ikawabidi waegemee ukuta wapate nguvu. Walisema baadaye Tabora haijapata kuona utani wa namna ile, na wajukuu wa watu waliokuwapo walikuja kuusimulia kwa majina.

Tatu alicheka kuliko wote. Akamwangukia Apolinaria begani, na hapo begani kicheko kikageuka kilio. Akalia kwa sauti, kilio cha tumboni, kile walichokuwa wakikingoja tangu asubuhi. Wanawake wakapumua. Wanaume wakaona kizingiti kiko wazi, wakalibeba jeneza wakampitisha Shomari nje, taratibu, nyuma ya migongo ya wale wawili.

Apolinaria alisimama mikono chini, kulabu mkononi. Hakumkumbatia. Aliinamisha mdomo mpaka sikioni mwa Tatu, akasema polepole, neno moja moja, ili asikie yeye peke yake, "Nasema kweli. Nakuchukia."

"Endelea," alisema Tatu katikati ya kilio, akamkamata gauni mgongoni kwa mikono yote miwili. "Endelea hivyo hivyo, mtani wangu. Usininyamazie."

Apolinaria alikuwa na matusi ya mizunguko thelathini ambayo alikuwa hajayagusa. Akaendelea kumtukana, maana hasira bado alikuwa nayo, na Tatu akaendelea kulia begani pake mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini.